Pombe Iliyokataa Kuamka Kachibora

Mimi nikikoroga busaa, hii pombe yetu ya mahindi na wimbi, hapa Bungoma, nyuki wanashuka kutoka Mlima Elgon kuja kuuliza ni maua gani imechanua. Hiyo si kujisifu, hiyo ni habari. Kuna mzee jirani yetu alikuwa amezidiwa, watu wameanza kutafuta mbao ya jeneza, mtu akapita na jagi ya busaa yangu karibu na dirisha lake. Mzee akafungua jicho moja akauliza, "Hiyo ni ya nani?" Mpaka leo anachunga ng'ombe. Ukimpata muulize, lakini usimuulize mbele ya bibi yake, kwa sababu yule atakuambia ati ilikuwa malaria tu na ilikuwa imeshapungua.

Shule sikusoma. Niliingia darasani, nikaona mwalimu anakohoa vumbi ya chaki, nikasema huyu mtu anakufa na mimi sitaki kuwa shahidi. Nikarudi nyumbani kwa mama yangu na vyungu vyake. Kwa hivyo yale ninayojua nimeyajulia kwa mikono na pua. Na hii pua, usiione hivi ni pana, imepita mitihani mingi kuliko watu wengine wenye vyeti ukutani.

Sasa kijana yangu wa pili alitoka hapa akaenda kulima mahindi kule upande wa Cherangany, karibu na Kachibora, unapita Kitale mjini halafu unaendelea kupanda. Mahindi ya kule ni ya ajabu. Sisi huku tumepanda pamoja na yeye, tumevuna, tumekula, tumesahau ladha, na yake bado iko kijani shambani inapunga mkono. Nilikuwa nafikiria ni kijana yangu ndiye mvivu.

Huko Kitale akapata msichana aliyesoma mpaka akamaliza shule, alikuwa anauza vifaranga sokoni. Msichana wa watu wa Bokoli, hapa tu karibu na Webuye, lakini ilibidi waende kupatana mbali hivyo. Wakaanza kuishi pamoja. Yeye aliniita mama tangu siku ya kwanza, na mimi pia namwita mama, vile sisi huku tunaita watoto wa watu tukiwapenda. Kwa hiyo boma mtu akiita "mama" tunaitika wawili, na kuku mmoja.

Ng'ombe za mahari zilikuwa zimeenda Bokoli, hakuna deni. Kitu ilikuwa imebaki ni siku ya harusi. Na kwa ukoo wa huyo msichana, siku ya harusi haipangwi na mdomo. Inapangwa na chungu. Khocha, yaani mjomba wa msichana, ndugu ya mama yake, anakuja kwa boma ya kijana. Anakuja na mrija wake mwenyewe, ile ndefu ya kuvutia busaa. Anaingiza kwa chungu, anavuta, watu wote wanamtazama. Ikimpendeza anasema, "Pangeni siku." Isipompendeza anafuta mrija wake, anakula ugali kama mtu wa heshima, anaenda nyumbani, na nyinyi mnakaa mwaka mwingine bila pete. Hakuna rufaa.

Na huyo khocha hakuwa mtu wa kucheza. Walisema alishawahi kuvuta chungu ya watu fulani mara moja tu, akasimama, akatafuta kofia yake. Msichana aliyekuwa anangoja hapo alikuja kuolewa akiwa ameanza kuota mvi. Labda wameongeza chumvi, lakini mimi ni nani wa kulalamika juu ya chumvi.

Msichana wetu alikuwa ameshachagua kitenge cha harusi. Ilikuwa imekunjwa kwa boksi chini ya kitanda, na kijana yangu aliniambia siku nyingine anaitoa, anaiangalia, anaikunja tena. Mimi nikamwambia kwa simu, "Mama, wewe tulia. Khocha wako atavuta mpaka tumwite fundi aje atoe mrija kwa mdomo."

Nilifika Kachibora siku ya Jumatano mchana. Wageni wanakuja Jumamosi. Nilikuwa nimebeba kila kitu kutoka Bungoma: gunia ya unga ya mahindi niliyokuwa nimechachua na kukaanga kwa mabati mpaka ikawa rangi ya udongo ya Bokoli, na kimera ya wimbi nimeotesha mwenyewe, nikaanika, nikasaga. Mpaka mafuta ya kupikia nilibeba, kwa chupa ya plastiki, kwa sababu siendi kwa mtoto wangu mikono mitupu. Nikashuka kwa pikapu ya jirani, jua likanichapa shingo hapa nyuma. Jua la kule halichezi! Linauma kama siafu. Nikasimama katikati ya boma nikaangalia juu, nikafikiria, nikapata jibu.

Msichana akaniambia kwa upole, ameshika mikono mbele, "Mama, huku pombe inachelewa kuiva. Si tukoroge leo?"

"Mama, wewe unajua kuku."

"Ndio, mama."

"Mimi najua busaa. Bungoma nikikoroga Alhamisi, Jumamosi inaimba. Na hapa si tumepanda? Tangu Webuye gari inapanda, inapanda, mpaka masikio yangu yamefunga. Tumekaribia jua. Hebu sikia vile linauma! Kitu ikikaribia moto inaiva haraka ama pole pole?"

"Haraka, mama, lakini..."

"Basi. Tukikoroga leo, Jumamosi tutampa khocha wako siki. Tutakoroga kesho jioni."

Yeye akabeba gunia akaingiza jikoni. Si unajua vile mtoto wa watu hawezi kubishana na mama ya bwana yake mbele ya kuku. Kijana yangu alikuwa hapo anarekebisha baiskeli, akainua uso akataka kusema kitu, nikamuangalia, akarudi kwa baiskeli yake.

Mtu ataniuliza, kwani wewe hukuwa umesikia Kitale ni baridi? Nilikuwa nimesikia. Lakini nilikuwa nafikiria ni maringo. Mtu wa Kitale akija Bungoma lazima aseme, "Aki huku kwenu ni joto," anajipepea na gazeti, ndio ujue ametoka mahali pa maana. Sokoni Kitale nilikuwa nimeenda, lakini ni mchana, nanunua vitu, narudi na jua.

Basi Alhamisi jioni nikakoroga. Maji, unga, kimera, mkono wangu ndani mpaka kiwiko. Nikafunika na kitambaa safi nikaongea na chungu kidogo, vile mama yangu alikuwa anafanya. Halafu baridi ikaja.

Sijui nielezee aje hiyo baridi. Blanketi nilipewa zilikuwa nyingi mpaka kugeuka ilikuwa ni kazi ya mkutano, na bado mifupa yangu ilikuwa inasalimiana. Asubuhi maji ya kunawa yakanishika mkono kama askari wa kaunti. Jogoo wa kule akitaka kuwika anakohoa kwanza. Nikatoka nje mdomo wangu ukawa unatoa moshi kama tanuri ya matofali, nikaziba nikidhani nimeungua ndani.

Nikaenda kwa chungu. Sasa busaa ikianza kuiva, inaongea. Unaweka sikio unasikia pwi, pwi, pwi, kama wamama wanasengenya nyuma ya kanisa. Niliweka sikio. Kimya. Nikafunua kitambaa. Juu hakuna povu hata moja. Nikaonja na kidole. Tamu, tamu kabisa, kama uji ya mtoto ametoka kuacha kunyonya.

Na uji kama hiyo ukimpa mkwe, umemwambia kwa heshima zote kwamba yeye bado hajaota meno.

Nikakaa chini hapo kwa kigoda. Msichana akaja na chai. Akaangalia chungu, akaangalia mimi. 

"Imelala?" akauliza.

"Imekufa, mama. Ama labda imeganda. Nimekaa na pombe tangu sijaota maziwa, sijawahi kuona busaa inakaa kimya hivi. Hata mtu ya kanisa inamsalimia."

"Haijakufa. Inasikia baridi."

"Lakini jua si liko hapo tu juu!"

Akacheka. Alijizuia, lakini ilitoka. Halafu akachuchumaa mbele yangu. "Mama, nikuulize. Ukiwasha moto ya kuni, unawekelea sufuria. Moto inapika sufuria ama inapika hewa iliyo katikati?"

"Sufuria."

"Na jua ni hivyo. Linapita kwa hewa, haliipashi sana. Linapasha udongo. Udongo ikishapata moto ndio inapasha hewa iliyokaa juu yake. Hewa inapikwa kutoka chini, kama sisi tunavyopika. Na hiyo jua yenyewe iko mbali sana, mama. Huu mlima wetu kwa jua ni kama kisiki kwa mwezi."

Nikafikiria. Mimi sijasoma lakini si kwamba sina kichwa. Nikamshika. "Kwani hapa Kachibora tunaelea? Si huku pia ni udongo? Kijana yangu analima mawingu?"

Uso wake ukawaka kabisa. Nilikuja kujua baadaye kwamba mtu aliyesoma akipata swali nzuri ni kama mimi nikipata wimbi safi. Akasimama mbio akaenda kuleta pampu ya baiskeli. Kijana yangu akasema, "Hiyo pampu naitumia," akaambiwa, "Utangoja." Nikasema moyoni, huyu ameolewa tayari, harusi ni ya picha tu.

"Shika hapa chini ya pampu, mama."

Nikashika. Akaziba tundu na kidole, akasukuma, akasukuma, kwa nguvu zake zote. Nikaachilia mbio. "Uuuwi! Ina moto!"

"Nani amewasha moto hapo?"

"Hakuna."

"Nimeifinya tu. Hewa ukiifinya inapata joto. Sasa leta mkono hapa." Akanipeleka kwa gurudumu lililokuwa limejaa, akabonyeza ile kitu ndogo ya kutoa hewa. Fssss kwa kidole changu. Baridi! Baridi kama pua ya mbwa.

"Iliyokuwa imebanwa ikiachiliwa, inapoa," akasema. "Bungoma hewa iko chini. Juu yake kuna hewa ingine, na juu yake ingine, na ingine, kama blanketi zimepangwa, na zote zinakalia ile ya chini. Hewa ina uzito, mama, tumeizoea tu. Sasa ile ya chini ikipashwa na udongo inapanda. Ikipanda, blanketi za juu yake zinapungua. Inapata nafasi, inajitanua. Na kujitanua ni kazi, kwa sababu inasukuma zingine huku na huku. Hiyo nguvu ya kusukuma inatoa wapi?"

"Kwa ugali," nikasema.

"Kwa joto yake mwenyewe. Joto ndio ugali ya hewa."

"Eh! Kwa hivyo ikifika hapa kwenu imeshamaliza ugali yote njiani."

"Inafika na njaa, mama. Na ile imebaki huku ni nyepesi. Jioni udongo ukianza kutoa joto, hakuna blanketi ya maana ya kuishika. Inaenda tu zake juu."

Ndio nikakumbuka chupa. Ile chupa ya mafuta nilitoka nayo Bungoma ikiwa nusu, nimeifunga mwenyewe kwa nguvu. Nilipofika hapa niliikuta imefura tumbo kama mgombea amemaliza mikutano, na sikuuliza. Nikaenda jikoni nikaileta. Msichana akasema, "Fungua." Nikafungua, ikapiga pumzi: pshh!

"Hiyo," akasema, "ni hewa ya Bungoma. Ulikuja nayo imebanwa."

Wacha nikuambie ukweli. Niliangalia hiyo chupa, nikaangalia huyo msichana na pampu mkononi, na sweta yake imetoboka kiwiko, na kifua changu ikafura kuliko hiyo chupa. Nikasema, huyu ni wetu. Huyu wakimrudisha Bokoli mimi nitaenda kukaa naye huko. Lakini Jumamosi ilikuwa ni kesho, na chungu ilikuwa bado imelala.

"Mama," nikamwambia, "kama joto ndio ugali ya hewa, basi ni ugali ya pombe pia. Huyu hajakufa. Huyu ana njaa. Mahali pa joto zaidi kwa hii boma ni wapi?"

Tukaangaliana. Sisi wote tulijua ni wapi, lakini mimi sikutaka kusema kwanza.

Yeye alikuwa na kibanda cha vifaranga nyuma ya jikoni. Kimezibwa na magunia pande zote, ndani kuna jiko ya makaa imefunikwa na chungu kilichotobolewa, na vifaranga wadogo wa manjano wamekaa kuizunguka kama wazee kwa moto. Hao vifaranga ndio kazi yake. Wakishikwa na baridi wanakufa wakiwa wamesimama. Kufungua mlango hapo ni kwa adabu, na kuweka kitu kubwa ndani ni kuwanyang'anya nafasi.

Akauma mdomo. Akaangalia kibanda, halafu macho yake ikaenda kule chumbani, na mimi nikajua ameangalia boksi chini ya kitanda.

"Tuweke," akasema.

Kijana yangu ndiye alibeba chungu, anatembea kama mtu amebeba yai la mbuni. Mimi nyuma yake, "Pole pole! Hiyo umebeba ni bibi yako!" Msichana akasogeza vifaranga na mkono, anawaongelesha, akapata nafasi karibu na jiko lakini si karibu sana. Nikaongeza kimera, nikaongeza maji ya uvuguvugu, nikafunika, nikazungusha blanketi zangu mbili za usiku. Ndio, mimi nililala zangu zikiwa zimepungua mbili. Pombe ilikuwa na haja kuliko mimi.

Na hapo ndio niliona kitu nitakufa nikisimulia. Jioni tulipochungulia, nusu ya vifaranga walikuwa wameacha jiko. Walikuwa wameegemea chungu ya busaa. Wamejipanga shingo kwa shingo wamefunga macho. Msichana akaweka mkono kwa chungu akanishika bega.

"Mama. Imeanza kutoa joto yake."

Ndio vile busaa ilivyo. Ukiipa joto kidogo ya kuamkia, ikishaamka inajipikia. Sasa pombe inawapasha vifaranga, na vifaranga wanaipasha pombe, na mimi niko mlangoni nashukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kama kuna mtu amejifungua.

Asubuhi ya Jumamosi sikuweka sikio. Niliisikia nikiwa bado mlangoni. Pwi pwi pwi pwi! Povu imesukuma kitambaa juu kama kofia ya askofu.

Wageni walifika jua likiwa kali. Mimi nilikuwa nimejipanga mlangoni na sweta tatu na leso kichwani, nikawaona wanashuka, nikauma ulimi nisicheke. Watu wote wa Bokoli walikuwa wamevaa nguo za Bokoli! Mashangazi na blauzi nyepesi. Khocha mwenyewe, mwanaume mrefu, tumbo la heshima, shati jeupe ya mikono mifupi, mrija wake umefungwa kwa kitambaa chekundu amekumbatia kama bunduki. Na wingu moja tu likapita mbele ya jua, nikaona nywele za mkono wake zote zimesimama kumsalimia.

"Mulembe, wakwe," nikasema.

"Mulembe," meno yake ikajibu yenyewe.

"Karibuni. Mbona hamkubeba makoti?"

Shangazi mmoja akasema, "Si tuliambiwa ni juu! Tukasema tukikaribia jua hivyo tutaungua."

Nikaangalia msichana. Msichana akaangalia chini, mabega yake inatingika. Na mimi, mama ya Bungoma, nikasimama wima nikawaambia, "Ah, hapana. Nyinyi hamjui? Hewa ikipanda inamaliza ugali yote njiani." Niliwaelezea bila kupumua, udongo, blanketi, kujitanua, nikaitisha pampu, nikamshikisha khocha chini ya pampu mpaka akasema "Uuuwi," kama mimi, neno kwa neno. Ungeniona ungesema nimezaliwa na pampu mkononi.

Tukawaweka ndani karibu na moto. Chungu ikaletwa katikati, nikaongeza maji moto, mvuke ukapanda. Khocha akafungua kitambaa chekundu pole pole. Kijana yangu alikuwa amesimama kama mti umepigwa na radi. Msichana alikuwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje, ameshika fremu.

Khocha akaingiza mrija. Akavuta.

Akaacha. Akavuta tena. Akaacha, akatoa kitu kidogo kwa ncha ya mdomo, akaiinua kwa mwangaza watu wote waone. Ilikuwa ni manyoya ya kifaranga, ya manjano, laini kabisa.

Moyo wangu ukaenda Bungoma na kurudi.

"Wakwe," khocha akasema, na sauti yake ni nzito, "hii pombe yenu inataga?"

Hakuna mtu alicheka. Mimi nikasema, "Inaatamia, baba. Kutaga bado."

Hapo mashangazi wakalipuka. Yule mmoja akaanguka juu ya mwingine. Lakini khocha hakucheka, alikuwa ananiangalia tu. "Niambie kitu moja. Nimesikia habari ya vyungu vya watu wa huku juu. Yote ni nusu uji. Hii imeiva kama ya chini. Umefanya aje? Na hayo maneno ya pampu, nani alikufundisha?"

Sasa hapa ningeweza kusema ni mimi. Pua yangu ilikuwa tayari kusema. Kila mtu pale alikuwa ameshaamini mimi ni profesa. Lakini nikageuka nikanyoosha mkono mlangoni.

"Huyo hapo. Mtoto wenu. Mimi nilikuja na kichwa changu ya Bungoma nikasema tumekaribia jua, kama nyinyi tu. Aliniambia tukoroge mapema nikakataa. Pombe ikalala. Ni yeye amenifundisha kwa nini, na chungu imelala kwa vifaranga vyake. Hiyo manyoya ni yake. Hiyo busaa unavuta, tumekoroga wawili."

Msichana alikuwa ameziba mdomo na leso. Khocha akamuangalia. Alikuwa amemuona akiwa mdogo, nafikiri, akitembea na matope kwa miguu huko Bokoli. Akamuita, "Mayi," yaani mama, "kuja." Akaja akapiga magoti. Khocha akachukua yale manyoya akamwekea kwa kiganja.

"Kwa hivyo huku wanakusikiza?"

"Baada ya siku mbili, khocha," akasema, na macho yake yakaniangalia kwa pembe.

Mzee akacheka mpaka mrija ukatoka kwa chungu. Halafu akairudisha, akavuta mara ndefu sana, mpaka nikaanza kuhesabu kama kweli tutahitaji fundi. Akafuta mdomo.

"Pangeni siku," akasema. "Lakini harusi ifanyike Bungoma. Hapa nitakufa. Na mtu aniletee sweta."

Nilimpa moja ya zile zangu tatu. Ilimfikia tumboni ikakataa kuendelea. Alikaa nayo hivyo mpaka wakaondoka, amependeza kama askofu wa vifaranga.

Harusi ilifanyika, kitenge ilitoka kwa boksi, na mimi nilikoroga chini hapa kwa joto yetu, siku mbili, kama kawaida. Lakini ile siku ninayoringia ni ya kule juu. Nilipotoka Kachibora nilichukua ile chupa ya mafuta, imeshaisha, nikaikausha, nikaifunga kwa nguvu na hewa ya kule ndani. Nilipofika Bungoma ilikuwa imebonyea mbavu kama imekanyagwa na ng'ombe. Hakuna mtu alikuwa ameigusa. Iko kwa kabati yangu hapo pembeni ya vikombe vya wageni. Mtu akija kununua kimera ananiuliza, mama, kwa nini unaweka takataka kwa kabati? Namwambia akae chini. Nampa chai. Namwambia, hiyo ni hewa ya kwa bibi ya kijana yangu, ilikuja huku na njaa, hewa yetu ikaikalia. Akibisha, pampu yangu iko chini ya kitanda.